Piga Ute Mpaka Usimame

Jikoni kwa Bwana Shauri,
Mbulu,
12 Septemba 1938

Mpwa wangu Sada binti Bashiri,

Pokea salamu za mjomba wako Hatibu, na ukishazipokea usizikalie zote peke yako. Mpe mama yako Mwamvita zilizo zake, na baba yako mpe zake, umwambie duka lisimzeeshe. Mimi ni mzima. Homa ile ya Juni imekwisha, watu wa hapa wananiambia nimenenepa, nami nimeamua kuwaamini. Mvua bado. Baridi ya Mbulu unaijua: asubuhi kila anayeongea anatoa moshi mdomoni, utadhani wilaya nzima imeanza kuvuta kiko.

Nakuandikia wewe kwa sababu nyumba nzima ni wewe tu unayesoma bila kuchezesha midomo. Wapo wanaocheka kwamba ulijifunza herufi kwenye makopo ya chai na maboksi ya sabuni dukani kwa baba yako. Waache wacheke. Mimi nilijifunza kwenye magunia ya unga, na leo naandika barua nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Sasa sikiliza. Memsabu, mke wa Bwana Shauri, huyu Mzungu mkuu wa wilaya, amerudi kutoka msituni na kapu la yale matunda ya miiba, meusi, madogo, ambayo watoto wakiyala wanarudi na midomo kama waliokunywa wino. Akasema, "Hatibu, haya kwetu ni chakula cha wageni." Nikadhani atayachemsha yawe jamu, jambo ambalo mtu mwenye akili angelifanya. Kumbe anataka povu. Naam, povu. Unachemsha matunda na sukari, unachuja mbegu, unaacha yapoe. Unachukua malai, yaani yale mafuta yanayoelea juu ya maziwa yaliyolala, unayapiga yawe mazito. Unachukua ute wa mayai, ule mweupe, unapiga mpaka usimame. Kisha unavichanganya vyote polepole, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala, unaweka mahali pa baridi nusu siku, unakula kwa kijiko kidogo. Hakuna kutafuna. Ni chakula cha watu ambao wameshashiba.

Neno lenyewe ni hili. Siku ya Krismasi yao atakuja mgeni mkubwa kutoka Arusha, na Memsabu anataka povu hilo mezani. Nimelifanya mara mbili. Mara zote mbili alionja, akaweka kijiko chini, akanitazama. Jana akasema, kwa ule upole wao unaotisha, "Hatibu, kama Krismasi halitakuwa sawa, mwaka mpya nitampa Patriki jiko." Patriki ni msaidizi wangu, mtu wa misheni, ana mke na watoto watatu, kimya kama mtungi. Siku hizi nikigeuka tu namkuta amefunua sufuria zangu. Miaka kumi na nne jiko hili ni langu, Sada. Hata moshi wake unanijua, unanipisha.

Basi nakuomba ulifanye hapo nyumbani. Matunda hayo yapo huko kwenu, mlimani Hanang. Halafu uonje, uniandikie lina ladha gani. Usiandike kwa kifupi. Nataka tu nanyi wa nyumbani muijue kazi yangu, sina sababu nyingine.

Mjomba wako,
Hatibu


Katesh,
2 Oktoba 1938

Mjomba Hatibu, shikamoo.

Barua yako ilikaa Dongobesh siku tisa kwa sababu mwenye lori alikuwa anaoa. Tumempongeza, lakini kwa mbali. Hapa sote wazima. Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Baba anasema duka halimzeeshi, wanaomzeesha ni wateja. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa ndama jike, kwa hiyo maziwa yapo mpaka majirani wameanza kutupenda.

Mjomba, povu! Barua ilipofika niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaisoma tena jikoni, nikamsomea Mama, nikamsomea na ng'ombe wakati wa kumkamua. Sijawahi kusikia chakula ambacho kazi yake ni kuwa chepesi. Sisi hapa tunapika ili kitu kibaki tumboni; huko mnapika ili kipite!

Matunda nilimwagiza mzee Gidahosh, mfugaji wa Gehandu, ambaye ng'ombe wake hupanda mpaka pale msitu unapoanza. Akaniuliza nani mgonjwa. Nikamwambia hakuna mgonjwa, tunataka kufanya povu. Akauliza, "La sabuni?"

Nikafuata maneno yako moja baada ya jingine. Matunda nilichemsha, nikachuja kwa kitambaa, rangi yake ikanishtua kwa uzuri. Malai nilipiga yakawa mazito. Ikaja zamu ya ute. Uliandika nipige mpaka usimame. Basi nikakaa kigodani, nikashika upekecho wa Mama, ule wa kupekechea mlenda, nikapiga. Nikapiga hata mkono ukafa ganzi. Nikasema, mjomba hawezi kuandika kitu bure, ametaka nisimame, lazima ipo sababu. Nikasimama. Nikatazama bakulini. Ute ulikuwa vilevile, maji yenye mapovu mawili matatu, kama mate ya ndama. Nikakaa tena, nikapiga tena, nikasimama tena, safari hii wima kabisa, kama askari mbele ya bendera. Mama alikuwa anachambua maharage. Akaniuliza, "Sada, unaswali au unapika?"

Nikamwambia, "Ndivyo mjomba alivyoagiza."

Akasema, "Basi simama vizuri."

Mwisho nilimwaga vyote pamoja, kikatokea kitu kama uji wa zambarau. Tuliula wote. Baba alisema yeye angekuwa Bwana Shauri, kesi hii angeisikiliza mwenyewe. Lakini mimi sijakata tamaa hata kidogo! Niandikie nimekosea wapi. Je, nikisimama nielekee upande gani?

Ladha yake: tamu.

Mpwa wako,
Sada


Mbulu,
14 Oktoba 1938

Sada, marahaba.

Hapa ni salama. Bwana Shauri amekwenda safari upande wa Maretadu, Memsabu amepanda maua, mbuzi wameyala, amepanda mengine. Nimecheka barua yako mpaka Patriki akaja kuona kama nimeungua.

Mwanangu, atakayesimama ni ute, si wewe! Wewe ukae, ulale, utembee Katesh nzima na bakuli mkononi, ni juu yako. Ute ukishashiba hewa unasimama wenyewe. Unainua upekecho na nyuma yake kinabaki kilele kimeinama kidogo, na ukigeuza bakuli juu chini haumwagiki. Bakuli liwe kavu kabisa. Tone moja tu la kiini cha yai likiingia, au mafuta, ute unanuna, na ute ukinuna haubembelezeki. Upekecho wa mlenda una utelezi wake, tafuta uma mbili uzifunge pamoja.

Sasa nije kwenye ladha. Sada, umeniandikia neno moja. Tamu si habari. Sukari ni tamu. Muwa ni mtamu. Umbea wa jirani ni mtamu. Nataka kujua ladha inaanza wapi ulimini, inapita wapi, inaishia wapi. Iandike kana kwamba unamweleza mtu wa mbali sana ambaye hajawahi kula tunda.

Ramadhani itaingia siku kumi zijazo. Mwaka huu naona inachelewa.

Patriki anaonja kila kitu, na anaonja akiwa amenipa mgongo. Mtu akitaka jiko lako huanzia kwenye kijiko.

Mjomba wako,
Hatibu


Katesh,
1 Novemba 1938

Mjomba, shikamoo. Ramadhani njema kutoka kwetu sote.

UMESIMAMA! Mjomba, ute umesimama!

Nisamehe, salamu zimekuwa fupi, nitazirefusha mwishoni. Nilifunga uma mbili kwa uzi, nikakausha bakuli juani, nikamfukuza kila mtu jikoni, hata Mama. Nikapiga. Kwanza mate ya ndama, vilevile. Nikaendelea. Yakawa mapovu madogo, halafu madogo zaidi, halafu sauti ikabadilika, mjomba, hukuniambia kuhusu sauti! Mwanzo uma zinalia chwa, chwa, kama mtu anatembea kwenye tope. Baadaye zinanong'ona. Nikainua, na hicho kilele kikabaki, kimeinama, kama mlima wetu siku mawingu yakiuvuta sikio. Nikageuza bakuli juu ya kichwa changu. Haukumwagika. Nikamwita Mama, nikageuza juu ya kichwa chake. Akapiga kelele mpaka Baba akaja kutoka dukani na fimbo ya kupimia nguo.

Baridi nayo niliipata. Nilitia povu kwenye bakuli, bakuli nikaliweka ndani ya karai lenye mchanga na maji, nikafunika kwa gunia lililoloa, nikaliweka kwenye dirisha la nyuma linakopita upepo. Upepo wa Katesh, ambao tangu nizaliwe kazi yake ni kututia vumbi machoni, siku hiyo ulifanya jambo la maana. Jioni bakuli lilikuwa la baridi kama chura.

Tukafuturu nalo. Baba alitia kijiko mdomoni, akafunga mdomo, akasubiri. Akasema, "Nimefunga tangu alfajiri, nije nifungue kwa hewa?" Lakini alirudia. Alirudia mara nne, na kila mara akasema anachunguza.

Sasa ladha, kama ulivyotaka. Kwanza ni baridi tu, haina jina, kama umelamba bakuli tupu. Halafu utamu unakuja mbio unakaa kwenye ncha ya ulimi. Kabla hujaukaribisha, uchachu unachomoza nyuma ya taya, hapa chini ya masikio, jicho moja linajifumba. Mwisho malai yanapita na kufuta kila kitu, kama mama anapofika kwenye ugomvi wa watoto. Baada ya hapo mdomoni hakuna kitu, na hilo ndilo linalokufanya uchukue kijiko cha pili: unatafuta kimeenda wapi.

Mjomba, baada ya kuandika hayo nilikaa nikafikiri. Mimi niko Katesh, nimelifanya povu mara mbili. Wewe uko Mbulu, umelifanya kabla yangu, bakuli liko mbele yako, na umepika miaka kumi na nne. Lakini wewe ndiye unayeniuliza mimi lina ladha gani. Nauliza kwa adabu, na kama si adabu nisamehe: ulimi wako unaonja?

Sasa salamu nilizokudai: za Mama, za Baba, za ndama.

Mpwa wako,
Sada


Mbulu,
12 Novemba 1938

Sada, marahaba.

Mvua zimeanza. Daraja la chini limechukuliwa na maji, limerudishwa, limechukuliwa tena. Watu wanapanda maharage. Mahindi ya mwaka jana yamepata wadudu. Mke wa Patriki amejifungua mtoto wa nne. Bwana Shauri amenunua kofia.

Hongera kwa ute wako. Umefanya vizuri kuliko nilivyofanya mimi mara ya kwanza, na sitalisema hilo tena.

Memsabu alinikuta asubuhi akaniuliza povu la jana nimelionaje nilipofuturu. Nikamwambia uchachu wake unachomoza nyuma ya taya na malai yanapita kufuta. Akanitazama muda mrefu, akasema, "Maneno yako ni mazuri kuliko povu lako. Hili lilikuwa chachu mwanzo mpaka mwisho." Akaenda zake.

Lile swali lako la mwisho liliingiwa na maji njiani, sikuweza kulisoma. Maneno mengine yote ya barua yanasomeka.

Nashukuru kwa Ramadhani. Hakuna anayemuuliza mpishi aliyefunga kwa nini haonji mchuzi. Lakini mwezi una siku zake, na Krismasi iko mbele.

Hatibu


Katesh,
27 Novemba 1938

Mjomba, shikamoo, na Idi njema ingawa imeshapita. Tulichinja mbuzi, Baba akavaa kanzu ile ya harusi, imembana mpaka akaswali kwa tahadhari. Mama mzima, anakutakia kheri. Lori limekwama kwenye tope siku tano, kwa hiyo barua hii nampa mtu wa kwato zaidi kuliko magurudumu: anakuja Mbulu na punda.

Swali langu lililoingiwa na maji sitaliandika tena. Karatasi za siku hizi ni nyembamba.

Badala yake nimefanya kazi nyingine, na mjomba, sijawahi kufurahia kazi kama hii! Nilijiuliza: kama kungekuwa na mpishi, tuseme yuko mahali fulani, simjui, ambaye ulimi wake umesafiri haujarudi, je, angeweza kufanya povu hili bila kuonja hata kidogo? Nikafunga pua yangu kwa kibanio cha nguo, nikaanza. Nimefanya povu sita kwa wiki mbili. Baba sasa akiona bakuli anatoka kwa mlango wa mbele.

Matunda kwanza. Nilikuwa nayachagua kwa weusi, na weusi ni mwongo. Mzee Gidahosh aliniona nikichagua, akacheka. Akasema, "Usiangalie rangi. Liguse. Likishika mti, bado linanyonya. Likikuachia mkononi lenyewe, limeachishwa." Nikampeleka Mama mpaka mlimani, tukachuma kwa namna hiyo, yale yanayoachia tu. Uchachu umepungua nusu! Lile povu lako lililokuwa chachu mwanzo mpaka mwisho, nadhani uliwapika wanyonyao. Kwa hiyo usinunue ya kwenye kapu. Chuma mwenyewe, kwa vidole viwili.

Sukari nayo. Kikombe kimoja cha chai kwa vikombe vitatu vya maji ya matunda, lakini matunda ya mahali na mahali hayafanani, kwa hiyo usiamini kikombe. Amini sisimizi. Dondosha tone moja kwenye kizingiti cha mlango, anza kuhesabu. Nilipotia nusu kikombe, sisimizi walipita pembeni bila hata salamu. Nilipotia kikombe kizima, wa kwanza alifika nikiwa sitini na mbili, na mia haijatimia ukoo mzima ulikuwa umekaa. Nilipotia viwili walikuja mbio wakazama, masikini. Basi wakifika kabla ya mia na wakabaki hai, sukari inatosha.

Ute usikilize, ukianza kunong'ona acha. Malai yatazame, uma ukiacha njia isiyofutika acha, ukizidisha hapo unapata siagi na hasira. Baridi ipime kwa kope: gusa bakuli kwenye kope ya jicho, likikufanya upepese, tayari.

Nikaondoa kibanio puani, nikaonja. Mjomba, lilikuwa sawasawa. Si karibu na sawa. Sawasawa!

Huyo mpishi wa mahali fulani ukikutana naye, msomee.

Mpwa wako,
Sada


Mbulu,
29 Desemba 1938

Mpwa wangu mpendwa Sada, marahaba, na marahaba nyingine juu yake.

Umesubiri mwezi mzima, najua. Kila nilipochukua kalamu niliandika habari za mvua, nikachana. Leo sitaandika habari za mvua.

Mchana wa kuamkia Krismasi nilikwenda msituni mwenyewe, na umri wangu huu, nikachuma kwa vidole viwili. Yaliyonyonya nikayaachia mama yao. Nikapika, nikachuja, nikatia sukari, nikadondosha tone mlangoni. Memsabu akapita akanikuta nimepiga magoti. Akauliza kama nimeangusha kitu. Nikamwambia nasubiri wageni. Wa kwanza alifika nikiwa sabini na moja.

Asubuhi ya siku yenyewe nikaenda kuchukua malai niliyokuwa nimeyaengua, nikamkuta paka ameyamaliza, anajilamba masharubu kama karani. Ng'ombe alikuwa amekamuliwa, lakini maziwa mabichi hayana malai ya kuengua. Nikakimbia kwa jirani, mama mmoja anayeitwa Imakulata, akanipa maziwa ya jana ndani ya kibuyu, malai yamejaa juu. Nikashukuru Mungu. Nikaanza kuyapiga.

Patriki akaja akasimama karibu. Akasema, "Mzee Hatibu, umeyanusa?"

"Nimeyanusa."

"Yakoje?"

"Mazuri."

Akachukua lile bakuli mkononi mwangu, polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Mzee," akasema, "kibuyu hiki kimefukizwa kwa mkaa jana. Haya maziwa ni mazuri kwa chai. Ukiyatia humo, mgeni atadhani nyumba inaungua."

Nilinyoosha mkono nilichukue tena, Sada. Akaliweka mbali.

Akasema, "Mimi huna haja ya kunificha. Tangu Julai naonja nyuma yako. Chumvi ikipungua naongeza, ikizidi natia kiazi inyonye."

Nikamuuliza, "Na yale mapovu yaliyoharibika?"

"Hayo sikuweza kukusaidia. Mimi nilikuwa sijui povu likiwa zuri linakuwaje."

"Kwa nini hukumwambia Memsabu? Jiko lingekuwa lako."

Akakasirika, mara ya kwanza namwona amekasirika. "Mzee, wewe ndiye uliyenifundisha kushika kisu. Nikuchome kwa kisu hichohicho?" Akavua aproni, akakimbia mpaka misheni kwa masista, akarudi na malai yamejaa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, iliyooshwa, aliniapia. Nikapiga malai, yeye akapiga ute. Ulinong'ona. Nilifundishwa kuusikia na wewe.

Mezani mgeni alikwangua bakuli mpaka tukasikia jikoni. Memsabu akaja, mashavu mekundu, akasema, "Hatibu! Leo ndilo lenyewe. Umebadilisha nini?"

Patriki alikuwa anasugua sufuria, hakuinua kichwa. Ningeweza kusema lolote. Nikasema, "Memsabu, tangu homa ya Juni siisikii ladha wala harufu. Hili limepigwa na Patriki, na limenuswa na Patriki. Aliyelionja ni mpwa wangu, yuko Katesh."

"Katesh? Amelionjaje akiwa Katesh?"

"Kwa barua, Memsabu."

Akakaa juu ya sanduku la kuni, mahali ambapo sijawahi kumwona amekaa. Akataka nimsomee. Nikazitoa barua zako zote, nikamgeuzia maneno kadiri nilivyoweza. Kwenye sisimizi alicheka mpaka akajifuta macho kwa nguo yake nzuri. Kisha akasema, "Ungeniambia tangu Juni."

Nikasema, "Ungenitoa jikoni."

Akasema, "Labda." Nilimheshimu kwa neno hilo. Juzi ametoa shauri lake: jiko linabaki langu, lakini hakuna sahani itakayotoka kabla haijapita kinywani mwa Patriki, waziwazi, mbele yangu, si nyuma ya mgongo. Kwa hiyo tuko wawili. Nimeanza kumzoea. Ana kelele kuliko nilivyodhani.

Basi, sasa limeandikwa na unaweza kulisoma: siisikii ladha, Sada. Chumvi na sukari kwangu ni mchanga tu. Wali ni joto, matunda ni baridi, nyama ni kutafuna. Sijui kama itarudi. Daktari amesema labda, naye pia.

Nakuomba jambo moja. Usimwambie mama yako. Yeye ndiye dada aliyenilea, aliyenitafunia nyama nikiwa sina meno. Akijua kwamba sisikii tena kitu anachonipikia, atalia, na mimi sitajua la kufanya. Nina likizo mwisho wa Januari, nitashuka, nitakula, nitasifu. Nisaidie kuficha.

Mjomba wako,
Hatibu


Katesh,
14 Januari 1939

Mjomba wangu, shikamoo.

Tumefurahi! Nimeruka ruka uani mpaka ndama naye akaruka. Mwambie Patriki nitamtumia uma mbili zangu, zimeshazoea kazi. Na wewe niseme ukweli mmoja sasa kwa kuwa jiko limesalimika: kulipiga povu napenda kuliko kitu chochote, lakini kulila, hapana. Niliandika ladha yake kwa uaminifu wote, ila nikimaliza naenda kula kiporo.

Kuhusu ombi lako. Nilitaka kulitimiza, naapa. Barua nilikunja nikaitia kwenye kopo la chai, juu ya kabati. Nikageuka, nikamkuta Mama mlangoni, mikono imejaa unga.

Akasema, "Amesema?"

Nikamwambia, "Nani amesema nini, Mama?"

"Hatibu. Amesema kuhusu ulimi wake?"

Macho yangu yakaenda kwenye kopo la chai, na hilo lilikuwa jibu.

Mjomba, Agosti uliposhuka kututembelea siku mbili zile, Mama alipika wali na kuku. Siku hiyo alikuwa na haraka na furaha ya kukuona, akasahau chumvi. Si kidogo. Aliisahau yote, kwenye wali na kwenye kuku. Baba alitia tonge mdomoni akafungua kinywa aseme, Mama akamkanyaga mguu chini ya mkeka, kwa sababu wewe ulikuwa umeshaanza kusifu. Ulisema, "Dada, mkono wako ni uleule." Ukaongeza sahani ya pili. Mama akatoka akisema anafuata maji. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameshika pakiti ya chumvi ambayo haijafunguliwa, analia bila sauti. Nilidhani amelia kwa aibu ya chakula.

Amejua tangu siku hiyo. Nilipomuuliza kwa nini hakusema miezi yote hii, alisema, "Lilikuwa neno lake. Ningelisema mimi, yeye angebaki na nini?"

Kwa hiyo shuka mwisho wa mwezi, usikawie Dongobesh. Wali utapikwa uleule na kuku yuleyule, maana ametengwa tayari na anatutazama vibaya. Mama anasema usisifu. Anasema ukila sahani moja, ukamwambia, "Dada, siisikii," atafurahi kuliko ulipokula mbili.

Mpwa wako,
Sada